Simu, minara na mashirika ya umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Kabla ya kusoma, shika jambo moja. Katika kila huduma kuna watu watatu: anayekuuzia, mwenye mali, na mwamuzi. Wakati mwingine serikali ndiye mwenye mali na mwamuzi pia, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Malalamiko mengi kutoka Kusini hayafi kwa kukosa haki. Yanafia kwenye meza ya ofisi ambayo haikuwa yake.

TCRA ni kampuni ya simu ya serikali?

Hapana. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania haiuzi vocha wala haikuunganishi na mtu. Kazi yake ni kutoa leseni, kugawa masafa ya redio na namba za simu, kupima ubora wa huduma, kukagua vifaa, na kuamua ugomvi wa mteja na kampuni au wa kampuni na kampuni. Iliundwa kwa Sheria Na. 12 ya 2003 na ikaanza kazi Novemba mwaka huohuo, baada ya kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji. Ndiyo sababu simu, intaneti, redio, televisheni na posta vyote viko chini ya paa moja. Sheria inayoshikwa mkononi kila siku ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, maarufu kama EPOCA.

Sasa TTCL ni ya nani? Wengine wanasema iliuzwa, wengine wanasema haikuuzwa.

Wote wana sehemu ya ukweli.

Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, Tanzania ilibaki na shirika lake lenyewe la Posta na Simu. Shirika hilo liligawanywa: mwaka 1994 simu zikaenda TTCL, yaani Kampuni ya Simu Tanzania, barua zikaenda Shirika la Posta, na kazi ya usimamizi ikapewa Tume ya Mawasiliano. Hapo ndipo mwamuzi alipotenganishwa na mchezaji kwa mara ya kwanza. Zamani shirika lililokuwekea simu ya mezani ndilo lililoamua kama malalamiko yako dhidi yake yana maana.

Februari 23, 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, pamoja na mamlaka ya kuendesha kampuni. Bei ilikuwa dola za Marekani milioni 120. Ililipwa nusu, na ile nusu ya pili ikazua mvutano mrefu. Mwekezaji alipewa pia miaka minne ya kuwa peke yake kwenye simu za mezani. Humo ndani ikazaliwa Celtel, kampuni ya simu za mkononi, ambayo mwaka 2005 ilitenganishwa na TTCL. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 Zain ikawa Airtel. Ile asilimia 35 ya hisa za TTCL ikawa inahama mikono pamoja na jina.

Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9. Sheria mpya ilipitishwa 2017, na kuanzia Februari 1, 2018 TTCL ni shirika la umma kwa asilimia 100. Mwaka uliofuata serikali ilikubaliana na Bharti Airtel, na sehemu yake ndani ya Airtel Tanzania ikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49.

Kwa hiyo leo TTCL ni mali ya umma yote, na Airtel ni ya umma karibu nusu. Laini zote mbili, pamoja na za kampuni binafsi kabisa, zinasimamiwa na TCRA ambayo nayo ni ya serikali. Uamuzi wetu: hilo si kosa la kisheria, lakini ukiwa mlalamikaji dhidi ya shirika la umma, weka kila kitu kwenye maandishi tangu siku ya kwanza.

Kiwanda cha korosho cha kwetu kiliuzwa zamani na sasa ni ghala tu. Tume ya kubinafsisha iko wapi tukaiulize?

Haipo tena. PSRC, yaani Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ilianza 1992 na ikapewa mashirika yapatayo 400 ya kuuza, kukodisha, kuingiza ubia au kufunga kabisa. Ilifungwa mwishoni mwa 2007. Mafaili yalikwenda kwa Consolidated Holding Corporation, chombo kilichozaliwa 1997 pale benki ya NBC ya zamani ilipogawanywa. Nacho kilimaliza muda wake Juni 2014, na kazi zikahamia Ofisi ya Msajili wa Hazina. Ukiandika barua leo kwa PSRC hutapata hata wa kuirudisha.

Msajili wa Hazina ndiye anayeshika hisa za serikali, anayefuatilia gawio, na anayepaswa kujua kama mnunuzi wa kiwanda ametimiza masharti ya mkataba. Kwa Kusini hili si jambo la vitabuni. Nchi ilijengewa viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kwetu, na vingi vilisimama katika miaka ya 1980 kabla hata ya kuuzwa. Baada ya kuuzwa baadhi vilifanya kazi, vingine vikabaki kuta za kuhifadhia magunia ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Mkataba wa mauzo kwa kawaida hutaja mnunuzi atafanya nini na ndani ya muda gani. Asipofanya, serikali inaweza kukirudisha kiwanda, na imewahi kufanya hivyo.

Barua yenye uzito hutaja jina la zamani la kiwanda (la enzi za Bodi ya Korosho, si jina la mnunuzi), kitalu na wilaya, hali ya sasa kwa macho ya anayepita (mashine zipo au zimeng'olewa, wafanyakazi wangapi, geti linafunguliwa miezi gani), na swali moja lililo wazi. Nakala ipeleke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Ukitaka nyaraka, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Bei ya mauzo na sharti la uzalishaji viombe kwa barua mbili tofauti. Ombi lililochanganya mambo kumi hujibiwa lile jepesi tu.

Kijiji chetu hakina mtandao. Tuombe mnara wapi?

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kampuni yenyewe, ambayo hupiga hesabu: wateja wangapi, watatumia kiasi gani, dizeli itagharimu nini. Hesabu ikikataa, kampuni haiji, na TCRA haina kawaida ya kuilazimisha ijenge mahali pasipolipa nje ya masharti ya leseni yake.

Hapo ndipo unapokuja mlango wa pili, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, yaani UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006. Mfuko hauendeshi minara. Unatangaza zabuni, na kampuni inayokubali kujenga kwenye kata ngumu kwa ruzuku ndogo ndiyo inayoshinda. Mradi mkubwa wa namna hiyo ulisainiwa Mei 2023: minara 758 katika kata 713 za nchi nzima.

Utaratibu unaofika ni huu. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa aandike kupitia kwa mtendaji wa kata, kata ipeleke halmashauri, halmashauri ipeleke UCSAF, na mbunge apewe nakala. Barua isiseme tu "hatuna mtandao". Iseme vitongoji vipi havipati kabisa, vipi vinapata ukipanda mti au kusimama kwenye kichuguu, mtandao upi na upi, idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kama ipo, umbali hadi nguzo ya umeme iliyo karibu, na kama gari linapita masika. Sehemu ya umeme na barabara ndiyo inayosahaulika, na ndiyo anayoisoma kwanza mjenzi.

Kosa la pili ni kuhesabu kwa kata. Kwenye karatasi kata inaweza kuonekana ina mtandao kwa sababu makao makuu ya kata yanapata, huku vijiji vitatu vya bondeni havina kitu. Uwanda wa Makonde uko hivyo: juu Newala simu inashika vizuri, ukiteremka kuelekea Mto Ruvuma ukingo wa mlima unakata kila kitu. Mawimbi ya simu hayapindi kona kama maji. Eleza ni bonde lipi, si kata ipi.

Mnara upo, tunauona, lakini mtandao hakuna. Kwa nini?

Mnara ni mguu tu. Ili simu yako ifanye kazi, kuna vitu vitatu vinavyopaswa kuwa hai kwa wakati mmoja: umeme wa mnara, njia ya kubeba mzigo wa simu na intaneti kutoka mnara huo hadi kwenye mtandao mkuu, na nafasi ya kutosha kwa watu waliopo.

Umeme ukikatika, betri hushika kwa saa kadhaa, kisha jenereta. Dizeli ikiisha au ikiibiwa, mnara unazima. Dalili: vipimo vya mtandao vinapotea kabisa kwa kampuni zote zilizopanga kwenye mnara huo, maana kampuni nyingi siku hizi hupanga mnara mmoja.

Njia ya kubeba mzigo ikikatika, simu itaonyesha vipimo vimejaa lakini haipigi na intaneti haifunguki. Njia hiyo ni mkongo wa nyuzi uliozikwa kando ya barabara, au sahani za mawimbi zinazotazamana mnara kwa mnara. Sahani moja ikizima, minara yote iliyo nyuma yake inakwenda nayo, ndiyo maana tatizo la wilaya moja linaweza kuanzia wilaya nyingine.

Nafasi ikijaa, usiku wa manane intaneti inaruka, saa mbili usiku inatambaa. Hapo mnara ni mzima. Watu wamezidi.

Mei 2024 ilitufundisha tofauti. Mwanzoni mwa mwezi, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga, na matatizo yakawa ya kwetu: umeme, mafuta, mafundi kushindwa kupita. Kisha Mei 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara, na intaneti ikasuasua nchi nzima. Wengi walidhani ni Hidaya bado. Ukitaka kujua haraka, piga simu ya kawaida: ikipita vizuri na intaneti haifunguki kwa watu wa Mwanza pia, basi shida haiko kwenye mnara wako.

Niko karibu na Ruvuma. Simu inaandika mtandao wa Msumbiji na salio linaisha.

Mawimbi hayana pasi ya kusafiria. Maeneo ya Kilambo, Kitaya na Mtambaswala, mnara wa ng'ambo unaweza kuwa na nguvu kuliko wa kwetu, na simu inachagua wenye nguvu. Ukipiga hapo unatozwa kama mtu aliye nje ya nchi. Nenda kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, ondoa uchaguzi wa kujiendesha, chagua mtandao wako mwenyewe, kisha zima huduma ya data ukiwa nje ya nchi. Ubaya wake: ukisafiri kwenda Masasi na kukuta laini imegoma, rudisha uchaguzi wa kujiendesha. Namba za Msumbiji zinaanza na +258. Ukipokea ujumbe wa kukukaribisha nchi hiyo ukiwa nyumbani kwako, tayari umeshavuka bila mtumbwi.

Nani anapanga bei ya bando?

Kampuni. TCRA huweka mipaka. Imewahi kuweka kwamba bei ya MB moja isishuke chini ya Sh 2.03 wala isipande juu ya Sh 9.35, ili kampuni kubwa isiue ndogo kwa bei ya kutupa, wala mteja asikamuliwe. Mamlaka hupanga pia kiasi ambacho kampuni moja huilipa nyingine mteja wake anapopiga kuvuka mtandao. Mwaka 2017 ilikuwa Sh 26.96 kwa dakika, 2018 ikawa Sh 15.60, na kufikia 2022 Sh 2. Ndiyo siri ya bando za "mitandao yote" kuenea. Zamani watu walitembea na laini tatu kwa ajili ya hesabu hiyo.

Ushuru wa bidhaa na VAT hupangwa na Bunge kupitia sheria ya fedha, kadhalika zile tozo za miamala za 2021. Kuilalamikia TCRA kuhusu tozo ni kumpigia kelele mwamuzi wa mpira kwa sababu tiketi ni ghali.

Kuhusu bando kuyeyuka: tangu 2021 kampuni inatakiwa ikujulishe ukifika asilimia 75 ya matumizi na ukifika 100. Ujumbe huo usipokuja, hilo ni lalamiko halali. Ila kabla ya kulalamika, angalia kwenye simu ni programu gani inakula. Mara nyingi ni video zinazojicheza zenyewe na programu zinazojisasisha usiku.

Malalamiko yanaanzia wapi?

Kwa mtoa huduma, lazima. Ukienda moja kwa moja TCRA bila kupita huko, utarudishwa. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote, eleza tatizo, na usikate simu kabla hujapewa namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Iandike pamoja na tarehe, saa, na jina alilojitambulisha mhudumu. Bila namba hiyo, mbele ya mamlaka wewe ni mtu asiyewahi kulalamika.

Kampuni isiponyoosha mambo, andika kwa TCRA. Weka namba ya simu inayohusika, namba ya kumbukumbu, ulichoomba, ulichojibiwa, na unachotaka kifanyike (kurudishiwa kiasi fulani, laini kufunguliwa, huduma kurekebishwa). Namba ya bure ya mamlaka ni 0800008272; nne za mwisho, ukizitazama kwenye vitufe vya simu ya zamani, zinaandika TCRA. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo haliamui kesi lakini husaidia mtu asiyejua kuandika lalamiko lake. Usiporidhika na uamuzi wa mamlaka, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Huko usiende bila mwanasheria.

Kinachoharibu: picha ya skrini isiyoonyesha tarehe, lalamiko la laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na hasira. La mwisho husameheka. La katikati halisameheki.

Pesa ya simu ikikwama, ni TCRA?

Laini ni ya TCRA, pesa ni ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Uzuri wa Mtwara ni kwamba Benki Kuu ina tawi mjini, kwa hiyo mtu wa Kusini halazimiki kufunga safari ya Dar es Salaam.

Umetuma kwa namba isiyo yake? Kila dakika ina thamani, kwa sababu kampuni huweza kuzuia pesa ambayo bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, si iliyokwisha kutolewa kwa wakala. Piga 100 papo hapo, taja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Usimpigie kwanza mpokeaji kumbembeleza. Kuna waungwana, lakini kuna na wengine ambao simu yako ndiyo inayowaamsha wakimbilie kwa wakala.

Alama za vidole hazisomi. Nitasajilije laini?

Swali hili huku kwetu lina jibu lake. Tangu Mei 1, 2019 laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Waliochelewa walipewa hadi Januari 20, 2020, kisha wakaanza kuzimiwa. Mtu anayebangua korosho kwa mkono anajua kwamba mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Ncha za vidole hubabuka, huwa nyeusi, kisha hubaki laini kama karatasi. Mashine inatafuta mistari, haikuti kitu.

Fanya hivi. Acha kubangua siku kadhaa kabla ya kwenda, na paka mafuta ya nazi usiku ili ngozi ipone bila kupasuka. Siku yenyewe osha kwa sabuni na ujikaushe kabisa. Mwombe wakala afute kioo cha mashine. Cha kibandani huwa na jasho la watu arobaini. Anza na kidole kidogo au cha pete cha mkono usioshika nyundo, maana NIDA walichukua vidole vyote kumi na hivyo ndivyo huumia kidogo. Ngozi ikiwa kavu mno, pumulia kidole mara moja kisha bonyeza taratibu. Kubonyeza kwa nguvu hufuta mistari.

Ikishindikana kwa mawakala wawili tofauti, tatizo si mashine. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya. Na hakiki namba yako kabla: ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wakala akikosea moja, mfumo unakujibu kama vile vidole ndivyo vyenye kosa.

Usikubali kamwe wakala akuambie "rudia, haijasoma" mara nne huku skrini imegeukia kwake. Kila mguso unaweza kuwa laini nyingine kwa jina lako.

Nitajuaje kama kuna laini nyingine kwa jina langu?

Piga *106#. Utaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho, uikane na ifungwe. Rudia kila baada ya miezi michache, hasa baada ya mnada wa korosho wakulima wanapolipwa na mawakala wanapoongezeka barazani.

Napata ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii". Nifanye nini?

Ujumbe huo hautumwi kwako. Unatumwa kwa maelfu, ukisubiri mtu ambaye siku hiyo kweli alikuwa na hela ya kutuma. Msimu wa korosho watu hao ni wengi. Siku hizi kuna na wanaojifanya makarani wa AMCOS: "Malipo yako yamekwama, thibitisha namba ya siri." Malipo ya mnada hupita kwenye akaunti uliyoandikisha chamani, na hakuna karani anayehitaji namba yako ya siri.

Tuma ujumbe wenyewe kwenda 15040, kisha fuata maelekezo uweke namba ya tapeli. Kama umeshatuma pesa, fanya mambo kwa mpangilio huu: 100 kwanza, polisi pili, 15040 tatu. Wengi huanza na polisi, na wanapopata RB (namba ya taarifa ya polisi) pesa imeshatolewa.

Nataka kuhama mtandao bila kubadili namba.

Inawezekana tangu Machi 1, 2017. Nenda kwa wakala wa mtandao unaohamia, na utatuma neno HAMA kwenda 15080. Maliza salio na bando kabla, toa pesa zote kwenye akaunti ya simu, lipa mkopo wa vocha. Deni ndilo linalokwamisha maombi mengi.

Simu imeibiwa.

Funga laini kupitia 100 ukitumia simu ya jirani, pata RB polisi, kisha omba kifaa chenyewe kifungiwe kwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Namba hiyo utaipata ukipiga *#06# kabla ya kuibiwa, au kwenye boksi la simu. Iandike leo nyuma ya mlango wa kabati. Ukinunua simu, tuma IMEI kwenda 15090 uone kama ni halisi. Simu feki zilianza kuzimwa Juni 2016 na utaratibu huo haukuondoka.

Kampuni inataka kujenga mnara kwenye shamba langu. Niangalie nini?

Kwanza jua ardhi ni ya nani. Kama ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria ndio utakaokulinda miaka kumi baadaye. Kama ni yako, omba rasimu ya mkataba kwa Kiswahili ukae nayo nyumbani.

Ndani yake tafuta: kodi inapanda kwa kiasi gani na kila baada ya muda gani, inalipwa lini (mwanzo au mwisho wa kipindi), njia ya gari inapita wapi na mikorosho itakayokatwa inalipwaje, nani anawajibika dizeli ikiibiwa, na mnara ukiondolewa nani anang'oa zege. Hilo la zege husahaulika, na zege la msingi wa mnara si jiwe la kusukumwa na kijana. Usishangae malipo yakija pungufu asilimia 10: hiyo ni kodi ya zuio ya pango, kampuni inaikata na kuipeleka TRA. Dai stakabadhi yake.

Hofu ya mionzi: mnara unatoa mawimbi ya redio, na anayepima viwango nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Waombe kipimo badala ya kubishana barazani.

Umeme, maji, gesi, bandari je? Navyo ni TCRA?

Hapana, kila kimoja kina mwamuzi wake. Umeme, maji ya mjini na gesi inayosambazwa kwa watumiaji ni EWURA. Uchimbaji wa gesi kule Mnazi Bay ni PURA. Mabasi ni LATRA, meli na bandari ni TASAC. Mwenye mali ni mwingine: TANESCO kwa umeme, MTUWASA (Mtwara) na LUWASA (Lindi) kwa maji, TPDC kwa gesi, Mamlaka ya Bandari kwa bandari. Mikataba ya uendeshaji ambayo DP World, kampuni ya Dubai, ilisaini Oktoba 2023 baada ya mjadala mkubwa inahusu Bandari ya Dar es Salaam, si ya Mtwara.

Kusini tuliwahi kuonja mfano wa umeme kuendeshwa na mwekezaji. Kampuni ya Artumas ya Kanada ilizalisha umeme Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay tangu 2007, kisha mitambo ikaishia mikononi mwa TANESCO. Ukiona mzee anasema "umeme wa Wazungu" anakumbuka miaka hiyo.

Je, naweza kuwa na hisa katika kampuni ya simu?

Ndiyo. Sheria iliyobadilishwa 2016 ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma. Vodacom ilifanya hivyo na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 15, 2017, kwa Sh 850 kwa hisa. Hununui kwenye duka la vocha, unanunua kwa dalali mwenye leseni. Na ukinunua hisa umenunua na uwezekano wa hasara.

Fundi ameniuzia kiongeza mawimbi cha kuweka juu ya nyumba. Kuna shida?

Kubwa. Kifaa kisichothibitishwa na TCRA hakiruhusiwi, na sababu si urasimu. Antena ya nje ikikaa karibu na ya ndani, kifaa hujisikia chenyewe na kuanza kupiga yowe la mawimbi, kama spika ya harusi iliyosogezewa maikrofoni. Yowe hilo linaingia kwenye mnara. Wewe unaona vipimo vimejaa, majirani wa mtaa mzima simu zinakatika, na gari la ukaguzi lenye antena juu litafuata sauti hiyo hadi kwenye bati lako.

Hali kadhalika redio za boti. Chombo chenye redio ya VHF kinahitaji leseni ya masafa. Chaneli 16 ni ya dharura na kuitana tu: mkishaitana, hamieni chaneli nyingine mzungumze. Nahodha anayepiga soga za bei ya samaki kwenye 16 amemzibia mdomo mwenzake anayezama nje ya Msimbati.